Bibi Azza na Watoto Wasio Wake

Msomaji, nataka tusome pamoja kurasa chache za kitabu ambacho kina mshtaki, kina mshtakiwa, na hakina wakili. Kitabu chenyewe ni kumbukumbu za Bibi Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Unguja. Alikiandika kwa Kijerumani, lugha aliyojifunza ukubwani. Kikapigwa chapa mjini Berlin mwaka 1886, na mwaka 1888 kikatoka kwa Kiingereza. Mshtaki ni mwandishi mwenyewe. Mshtakiwa ni mama yake wa kambo, Bibi Azza binti Seif, mke wa ndoa wa Seyyid Said. Shtaka ni kiburi.

Aghalabu kitabu hiki husifiwa kwa mambo yake makubwa: binti wa mfalme kumpenda Mjerumani, Heinrich Ruete, mfanyabiashara aliyekaa nyumba jirani, kutoroka kwa manowari ya Kiingereza mwaka 1866, kubatizwa na kufunga ndoa Aden mwaka 1867, kisha maisha ya ugenini Hamburg katika baridi na upweke. Mambo hayo ni ya kuvutia, wala simlaumu anayeyafuata. Walakini mimi naona kwamba kipimo cha kweli cha mwandishi huyu hakiko katika safari yake, bali ndani ya nyumba aliyozaliwa, mahali alipojaribu kueleza jinsi watu wasiozaliwa pamoja walivyolazimika kuishi pamoja.

Yamkini wewe unayesoma maneno haya unakaa mbali na pwani. Tuseme Kahawa Sukari, kando ya barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Thika, ambako hakuna kasri wala mtawala. Usidhani kuwa habari hizi ni ngeni kwako. Katika mtaa kama huo (na jina lake tu, kahawa na sukari, ni ndoa ya vitu viwili vilivyoota mbali mbali) watu wamehamia kutoka pembe nyingi za Kenya, na milango mingi hufungwa usiku juu ya watoto ambao hawakuzaliwa na mama mmoja au baba mmoja. Mjane ameolewa tena. Mtu aliyeachana na mkewe ameoa mwingine. Huyu amekuja na wawili, yule alikuwa na mmoja, na wa nne amezaliwa papo hapo. Watoto hao huketi darasani pamoja nawe. Kila mmoja wao anacho kitabu chake moyoni, kisichoandikwa bado, na ndani yake yumo mama wa kambo au baba wa kambo ambaye amekwisha kuhukumiwa. Ndiyo maana nathubutu kukushughulisha na ugomvi wa nyumba moja ya kifalme uliopita zaidi ya karne moja na nusu.

Kwanza tuijue nyumba. Bibi Salme alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, ufukoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Magofu yake yangalipo. Baba yake alikuwa amefikia umri wa miaka 53. Mwandishi atuambia kuwa mzee huyo alipofariki mwaka 1856, akiwa baharini katika safari ya kurudi kutoka Oman, aliacha masuria 75 na watoto 36. Tena atuambia kuwa hata mmoja katika watoto hao hakuzaliwa na mke wa ndoa. Suria, kwa asiyejua, ni mwanamke mtumwa aliyewekwa na bwana wake kama mke. Akizaa, mtoto wake ni mtu huru na mrithi sawa na mtoto wa mke wa ndoa, na mama hawezi kuuzwa tena. Kwa hiyo watoto wote wa nyumba ile walikuwa na baba mmoja na mama mbali mbali. Na juu ya mama wote hao alikuwako bibi mmoja mwungwana, mzaliwa wa jamaa ya kifalme ya Oman, ambaye hakujaliwa mtoto. Huyo ndiye Bibi Azza.

Sasa tazama jinsi anavyochorwa. Alikuwa mfupi, na umbo lake halikuwa la kumshangaza mtu. Juu ya hayo alikuwa na nguvu za ajabu kwa mumewe, hata mzee akakubali kila shauri lake. Hakutoka nje pasipo msafara. Alipopita mbele za watu hakutoa neno wala tabasamu ila kwa nadra. Hakuna aliyethubutu kuingia kwake bila kuitwa. Wakubwa na wadogo walimcha, wala hakuna aliyempenda. Na kumbe baba, asema mwandishi, alikuwa na neno zuri kwa kila mtu, awe mwenye cheo au mtumishi. Hatimaye mwandishi aona ni bahati njema kwamba bibi huyo hakuzaa, kwa sababu kama angalizaa, jeuri ya watoto wake isingalivumilika.

Hapo pa mwisho nakuomba usome mara mbili. Kitabu kilipotoka, Bibi Salme alikuwa amepita miaka 40. Alikuwa amezaa watoto wanne, amezika mmoja, amefiwa na mume. Alijua uchungu wa uzazi na uchungu wa kupotewa. Kalamu ni ya mtu mzima, lakini sauti inayofurahia utasa wa mwanamke mwingine ni sauti ya mtoto mdogo aliyepitwa ukumbini bila kuamkiwa. Miaka 30 na zaidi haikumpa mtoto huyo nafasi ya kukua. Nasema hivyo bila kumdharau mwandishi. Wengi wetu tunaye mtu mmoja ambaye kila tunapomkumbuka tunarudi kuwa wadogo.

Mwandishi mdogo wa akili angaliishia hapo, na sisi tungalibaki na picha moja tu, ile ya mama wa kambo wa ngano, anayemnyima mtoto chakula na kumpeleka kisimani usiku. Bibi Salme ana sifa moja kubwa kuliko chuki yake: hukumbuka mambo madogo, na akiyakumbuka huyaandika, hata kama yanamharibia kesi. Katika kurasa zile zile anasimulia kwamba desturi iliwataka watoto wote waende kila asubuhi kumwamkia Bibi Azza. Nao kwa jinsi walivyomchukia, karibu wote walikawia makusudi mpaka saa ya chakula cha asubuhi, ambacho kiliandaliwa katika vyumba vyake yeye; na kwa njia hiyo, asema, bibi alipungukiwa na ile heshima aliyoipenda mno.

Anayaeleza haya kama ushindi mdogo wa watoto. Lakini ebu tuuweke mwanga upande wa pili. Kila asubuhi milango ya mwanamke asiye na mtoto ilifunguliwa, wakaingia watoto wa wanawake wengine, wakala, wakaondoka. Hakuna aliyekwenda mapema kwa ajili ya kumwona. Walikwenda kwa ajili ya chakula, na walitaka ajue hivyo. Mwandishi hasemi kama chakula kilikuwa kichache au kibaya, wala hasemi kwamba alipigwa au kutukanwa katika chumba hicho. Shtaka lote ni uso usiotabasamu. Naam, uso usiotabasamu huumiza mtoto, hilo silikatai. Ila yeyote aliyepata kungojea wageni wanaochelewa makusudi, siku baada ya siku, atajua kuwa hata uso uliokuwa tayari kucheka huchoka.

Tena fikiri juu ya hali ya bibi huyo. Katika nyumba ya watu mamia, mali ya wenzake ilikuwa watoto: kila suria aliyezaa alipata mizizi, alipata kiumbe atakayemlilia akifa na kumtetea akizeeka. Bibi Azza hakuwa na mali hiyo. Alikuwa na cheo. Angaliacha kukishika cheo kwa mikono miwili, angalibaki na nini? Silisemi jambo hili ili nimfanye malaika. Mtu aweza kuwa na huzuni na papo hapo akawa mkali kwa walio chini yake. Na walio chini ya Bibi Azza walikuwa watumwa, ambao hawakuwa na mahali pa kukimbilia. Ninalosema ni kwamba kitabu kimetupa vya kutosha kuahirisha hukumu, na aliyetupa ni mshtaki mwenyewe.

Wanafunzi wengi wa shule zetu wamesoma au watasoma mchezo wa Shakespeare uitwao Hamlet. Humo pia mna ndoa ya pili ya kifalme: malkia mjane anaolewa na ndugu wa marehemu mumewe, na kijana wake hawezi kuvumilia. Kijana husema, husema tena, hujadiliana na nafsi yake mpaka usiku wa manane. Sisi wasikilizaji tunamjua hata ndani ya mifupa. Mama yake, Gertrude, hupewa maneno machache sana ya kujieleza. Kwa nini aliolewa? Kwa mapenzi, kwa hofu, kwa faida ya nchi? Mchezo haumruhusu kujibu. Ndivyo ilivyo desturi ya hadithi za namna hii popote duniani: mtoto ndiye mwenye ulimi, na mtu mzima aliyeingia au aliyebaki katika ndoa huonekana kupitia macho ya mtoto huyo. Bibi Azza hakuacha kitabu.

Alikuwako mama wa kambo mwingine, na habari zake zatusaidia kumpima mwandishi. Yapasa kwanza ukumbuke kuwa ndoa ya mtawala ilikuwa pia kazi ya serikali. Mwaka 1833 Seyyid Said alituma ujumbe Bukini, yaani Madagaska, kumposa Malkia Ranavalona wa Kwanza, na pamoja na posa akaomba askari 2,000. Malkia alijibu kwa adabu kwamba desturi za nchi yake hazimruhusu kuolewa, lakini yuko binti mdogo wa kifalme kama Seyyid atapenda. Sidhani kama kuna posa nyingine katika historia ya bahari yetu iliyoomba bibi arusi na jeshi katika barua moja. Baadaye Seyyid alioa binti wa kifalme wa Uajemi, ambaye Bibi Salme amwita Shesade. Huyu alipewa nyumba ya peke yake mjini, jirani na kasri la Sahel, nayo iliitwa Beit el Thani, maana yake nyumba ya pili.

Bibi Salme amsimulia Shesade kwa yale aliyoyasikia kwa watu. Na masikio yake yalisikia mengi! Shesade alikuwa mzuri wa kupita kiasi. Alikuja na wapanda farasi 150 wa Kiajemi, akawinda na kupanda farasi mchana kweupe, jambo lililowashtua watu wa mji. Nguo zake zilidariziwa lulu za kweli toka juu hata chini, na mjakazi aliyeokota lulu zilizodondoka wakati wa kufagia hakuambiwa azirudishe. Alikuwa mbadhirifu. Zaidi ya hayo inasemekana moyo wake ulikuwa kwa mtu mwingine. Mumewe nusura amwage damu kwa hasira, na mwisho akamwacha. Miaka michache baadaye, Waarabu walipopigana na Waajemi huko Bandar Abbas, ilisemwa kwamba alionekana upande wa adui akiwalenga risasi watu wa ukoo uliokuwa wake.

Huyo basi ni mke aliyetapanya mali, akamvunjia heshima baba wa mwandishi, na akapigana na jamaa yake. Ungetazamia mwandishi amkemee kuliko Bibi Azza, ambaye kosa lake ni kutotabasamu. Lakini sivyo. Anamsimulia kwa mshangao, karibu nathubutu kusema kwa mapenzi. Na katikati ya makosa yote hayo anapata nafasi ya kusema kuwa Shesade aliwapenda sana watoto wadogo wa mumewe. Sentensi hiyo moja imemwokoa. Aliyewapenda watoto amesamehewa lulu, farasi na bunduki. Sababu nyingine naiona hii: Bibi Salme hakulazimishwa kwenda kumwamkia Shesade kila asubuhi. Ni rahisi kumpenda mama wa kambo wa hadithi. Aliye chumba cha pili, mwenye saa zake na desturi zake, ndiye mgumu.

Miaka ilipopita, Bibi Salme na mama yake walihamia katika nyumba hiyo hiyo ya Beit el Thani. Alikaa basi katika vyumba vya mama wa kambo aliyempenda kwa kusikia, baada ya kuondoka katika nyumba ya mama wa kambo aliyemchukia kwa kuona.

Wa tatu ni mama yake mzazi. Hapa ndipo kitabu kinapokuwa kizuri kweli kweli, na wachache hupatilia maanani. Jina lake lilikuwa Jilfidan. Alikuwa Mcherkesi, wa taifa la milimani karibu na Bahari Nyeusi. Vita viliingia kwao, wazazi wake wakauawa, naye na nduguye wa kiume na wa kike wakachukuliwa na askari na kutenganishwa, hakuwaona tena. Alifika katika nyumba ya Seyyid Said akiwa na umri wa miaka saba au minane, hata jino lake la kwanza la utoto aling'oka humo. Akalelewa pamoja na mabinti wawili wa Seyyid walio rika lake, akajifunza pamoja nao. Akawa suria wa baba yao.

Katika nyumba hiyo alikuwamo suria mwingine wa Kicherkesi, mama wa Majid na dada yake Khaduji. Wanawake hawa wawili waliahidiana kwamba atakayetangulia kufa, mwenziwe awe mama wa watoto wake. Mama wa Majid akatangulia. Jilfidan akatimiza ahadi. Majid alipopata umri wa kupewa nyumba yake mwenyewe, kasri la Watoro mjini, alimwomba Jilfidan aende kukaa naye. Na hivyo ndivyo Salme, akiwa na miaka saba, alivyohama Mtoni. Majid hakuwa mtoto wa tumbo lake. Hakuna kadhi aliyeandika ahadi ile, wala hakuna sheria iliyomlazimisha mwanamke yule kuitimiza. Walikuwa watu wawili waliopokonywa jamaa zao utotoni, wakajitengenezea jamaa nyingine kwa neno la mdomo.

Ajabu ni kwamba Bibi Salme hamwiti mama yake mama wa kambo wa Majid. Neno hilo limewekwa akiba kwa ajili ya Azza. Katika akili ya mwandishi mama wa kambo ni yule asiyependa. Akipenda, huwa mama tu. Watu wetu nao husema kuwa mama wa kambo si mama. Lakini kitabu hiki, kinyume cha nia ya mwandishi wake, kinamwonyesha mama wa kambo aliyekuwa mama kwa Majid mpaka alipofariki kwa kipindupindu.

Nimekwisha kumsifu mwandishi kwa ukweli wa macho yake. Sasa sina budi kutaja mahali ambapo macho hayo yalifumba. Anatuambia kwamba kwa kuwa watoto wote walikuwa wana wa masuria, wote walikuwa sawa, na hapakuwa na haja ya kuulizana habari za damu. Kurasa chache mbele anatuambia kwamba watoto wa mama wa Kicherkesi waliitwa "paka" na ndugu zao waliozaliwa na mama wa Kihabeshi, kwa ajili ya macho ya buluu ya baadhi yao. Na kwamba ndugu hao walimnung'unikia baba kwa kuwafanya vipenzi vyake Sharifa na Khole, ambao wote wawili walikuwa katika kabila hilo la paka. Sasa usawa uko wapi? Mtoto aliyependelewa ni shahidi mbaya wa upendeleo. Bibi Salme aona tusi alilotukanwa, lakini ile rangi iliyowapa wengine kipenzi na wengine kijicho haoni kama ni jambo la kuuliza.

Na chini ya hayo liko jambo zito zaidi. Jamaa hii iliungwa kwa fedha. Wanawake 75 hawakuposwa. Walinunuliwa au waliletwa. Bibi Salme anaandika kwa huruma jinsi mama yake alivyopotezwa na wazazi wake, kisha katika sura nyingine anautetea utumwa wa Waarabu na kuwalaumu Wazungu walioupinga. Anasoma chozi la mama yake kama msiba wa vita, hajalisoma kama bei. Mtu aweza kusema kwamba aliwaandikia Wajerumani, ambao walikuwa na mawazo mengi ya kipumbavu juu ya nyumba za Waarabu, na kwamba alitaka kulinda heshima ya kwao. Ni kweli. Hata hivyo wewe usomaye leo huna wajibu wa kulinda pamoja naye. Tunapopima tabia ya Bibi Azza na mapenzi ya Jilfidan, tukumbuke kuwa mmoja aliingia kwa mahari na mwingine kwa mnada au utekwaji, na hakuna tabasamu wala adabu ya mezani ambayo ingalitosha kulijaza shimo hilo.

Baada ya kufa kwa baba, nyumba iligawanyika. Thuwaini alishika Oman, Majid akashika Unguja. Na mwaka 1861 Waingereza wakaamua kuwa nchi hizo mbili zitengane, Unguja ikiilipa Oman riale 40,000 kila mwaka. Watoto wa mama mbali mbali wa Seyyid Said walikaa katika kiti cha Unguja mmoja baada ya mwingine: Majid, Barghash, Khalifa, Ali, mpaka mwaka 1893. Historia hiyo utaisoma kwingine. Mimi nakuonyesha jambo moja tu, ambalo mwandishi alikiri bila kujificha.

Mwaka 1859 Barghash alifanya shauri la kumpindua Majid. Salme, aliyekuwa na miaka 15, aliingia katika shauri hilo kwa kumpenda dada yake Khole. Alikuwa na ufundi waliouhitaji. Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma tu. Yeye alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ufundi huo ndio uliotumika kuandika barua za uasi dhidi ya Majid, yaani dhidi ya mtoto ambaye mama yake Salme alimwahidia marehemu mwenziwe kumlea. Uasi ulishindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Majid alishauriwa awaadhibu dada zake, akakataa. Hatimaye alikwenda kumwamkia Salme nyumbani kwake, wakapatana. Wale aliowaasi kwa ajili yao, Khole na Barghash, walimwona msaliti kwa kupatana huko. Alipokuwa amekwisha kutoroka na habari ya Ruete imeenea mji mzima, Majid hakumzuia Mjerumani yule kumaliza shughuli zake na kuondoka salama.

Mwaka 1885 Bibi Salme alirudi Unguja pamoja na manowari za Kijerumani, akiwa na watoto wake, akitaka urithi wake na, nadhani kuliko urithi, akitaka kuonwa. Majid alikuwa amefariki mwaka 1870. Aliyetawala alikuwa Barghash, ambaye Salme alimwandikia barua zile. Barghash hakukubali kumwona. Binti wa nyumba ile aliwekwa nje ya mlango na ndugu yake wa baba mmoja, naye aliyeandika kwa ukali hivyo juu ya mwanamke asiyewaitikia watu sasa alikuwa mtu asiyeitikiwa. Mwaka uliofuata kitabu kikatoka.

Katika dibaji asema kwamba mwanzo hakukusudia kukipiga chapa. Aliwaandikia watoto wake, ambao hawakujua habari za asili yake ila kwamba alikuwa Mwarabu na kwamba alitoka Unguja. Naye kwa udhaifu wa mwili hakutumaini kuishi mpaka wakue. Mume wake aliumizwa na tramu mjini Hamburg mwaka 1870, akafa, na mtoto wa mwisho alikuwa mchanga. Aliishi kuliko alivyotazamia. Alifariki Jena mwaka 1924, baada ya miaka 54 ya ujane, pasipo kuolewa tena. Watoto wake watatu hawakupata baba wa kambo, wala yeye hakupata kuingia katika nyumba yenye watoto wa mwingine. Upande ule wa meza ya asubuhi aliokaa Bibi Azza, hakuukalia hata siku moja.